Fundi akiiga dizaini ya kwenye simu, kosa lake liko wapi?

Juzi nimepita kwa kijana mmoja mchongaji hapa Bagamoyo, karakana yake ni ukuta wa nyumba na turubai juu basi, nikamkuta amesimamisha simu kwenye kopo la vanishi, kioo kimepasuka toka kona mpaka kona, na kwenye kioo kuna picha ya taa. Taa ya mbao, shingo imepinda kama ya korongo, kichwani ina kikombe cha chuma, iko kwenye nyumba ya watu huko Ulaya. Mteja kamtumia WhatsApp na maneno mawili tu, "hii hii". Jamaa anaitazama, anafumba jicho moja, anarudi kwenye mbao zake. Pembeni kulikuwa na mzee wetu mmoja anakunywa kahawa, akatikisa kichwa akasema, "Mwanangu, zamani fundi alikuwa anatoa kichwani. Hawa siku hizi wanatoa kwenye simu. Sanaa ya Bagamoyo ndo inakwisha hivyo."

Mzee namheshimu na hayo maneno hayasemi yeye peke yake. Nimeyasikia kwa walimu, kwa watembeza wageni, kwa watu wenye nia njema kabisa na mji huu. Hoja yao iko wazi: kijana akishinda kwenye Instagram na Pinterest kutafuta vitu vizuri vya kutengeneza, atatengeneza vya wenzake, vyake atavisahau. Ni hoja nzito na nitaifikia. Ila mi naona hawa vijana wanaonewa, na kwanza tuitazame hiyo taa yenyewe, maana watu wengi wanahukumu bila kuisogelea.

Ile ya kwenye picha shingo yake ni mbao iliyokunjwa kwa mvuke na mashine. Huyu mashine hana. Akafanya nini? Akaenda kutafuta tawi la mwembe lililojikunja lenyewe. Hiyo akili hakuipata kwenye simu, ameipata ufukweni kwa mafundi wa majahazi, wao wakitaka mataruma, zile mbavu za jahazi, hawakunji mbao, wanatafuta mti ambao umeshapinda ulikoota, kwa sababu mbao ikifuata mpindo wake wa asili haipasuki. Kile kikombe cha chuma nacho hana, akachukua kifuu cha nazi, akakikwangua kwa kipande cha chupa mpaka nyuzi zote zikatoka, akapiga msasa, kikawa cheusi kinang'aa kama jiwe la baharini, halafu akatoboa matundu kwa drili ndogo, chini kwenye mdomo yamebanana na kila ukipanda juu yanaachana. Akawasha. Jua lilikuwa linazama, lile turubai lote likajaa vidoti vya mwanga, vikubwa pembeni na vidogo katikati, na kila upepo ukisukuma turubai vinatembea. Tukanyamaza wote, mzee naye.

Sasa niambie hiyo ni kopi ya nini?

Nikirudi kwenye "zamani fundi alitoa kichwani", hapo ndo nashindwa kukubali kabisa, maana zamani yenyewe tunaitembelea kila siku. Pita India Street utazame milango. Ile yenye kichwa cha mviringo, ile ya maduka yenye vipande vya mraba mraba ambayo inakunjwa, hiyo dizaini imetoka Bara Hindi, imekuja na wafanyabiashara karne ya 19, na zile njumu za shaba zinazochomoza inasimuliwa kwao zilikuwa za kuzuia tembo asisukume lango. Bagamoyo tembo gani angekuja kusukuma mlango wa duka? Fundi wetu alipenda tu zilivyokaa. Akaziweka, akachonga fremu mawimbi na samaki na mnyororo, na leo hakuna anayesimama mbele ya ule mlango akasema huu wa kuiga. Mgeni anapiga picha anaandika "Swahili door" na sisi tunafurahi.

Kanga hivyo hivyo. Neno leso ni la Kireno, walikuja na vitambaa vyao vya mkononi, akina bibi wa pwani wakaona hivi vikinunuliwa kabla havijakatwa, vikaunganishwa vitatu juu vitatu chini, linapatikana vazi. Baadaye ndo vikachapwa vizima India na Uingereza, pindo na mji wake, na jina, yale maneno ya kanga, likaingia, kwanza kwa herufi za Kiarabu halafu hizi tunazotumia sasa. Hakuna kipande cha kanga ambacho hakijapita mkono wa mgeni na hakuna kitu kilicho chetu kuliko kanga. Na ndugu zangu wa Tanga ambao mkonge kwao ni kama jina la ukoo, mmea wenyewe umeletwa 1893 na Mjerumani Hindorf, asili yake Mexico, ikafika miche 62 tu hai. Leo mkoba wa mkonge ni zawadi ya kutoka Tanga na hakuna anayekuuliza hati ya kuzaliwa ya mmea.

Lakini mfano ambao unaninyima usingizi ni wa Tingatinga.

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Mwaka 1972 polisi walilidhania gari alilokuwemo ni la wezi wanaokimbia, wakapiga risasi, akafa. 1968 mpaka 1972. Hesabu polepole. Ni miaka minne! Mtu alichora kwa miaka minne, kwenye hadibodi, kwa rangi ya mafuta ile ya kupaka baiskeli, na inasemekana wazo la kuchora auze alilipata baada ya kuona picha za wachoraji wa Kikongo zikiuzwa mjini. Miaka minne ni muda wa mtoto kwenda shule kidato cha kwanza mpaka cha nne. Na leo ukimwambia mtu yeyote duniani anayejua sanaa kidogo "picha za Tanzania" kinachomjia kichwani ni hiyo kazi ya miaka minne.

Kwa nini haikuzikwa naye? Kwa sababu ndugu na jamaa zake walimuiga. Kina Ajaba, Mandu, Linda, Tedo, Amonde, Mpata, walikaa pembeni yake wakaangalia anavyojaza nyuma rangi moja kwanza, anavyomweka mnyama mmoja katikati akajaa ubao mzima, wakafanya vilevile, na kwa muda fulani picha zao na zake ungeweza kuzichanganya. Mtu angesimama pale Msasani akawaambia nyie acheni, hiyo ya mwenzenu, kila mtu atafute yake, wangeweza kumsikiliza maana ni ushauri unaosikika wa busara sana. Na 1972 ingekuwa mwisho. Badala yake 1990 wakawa na chama chao cha ushirika, na mikono ilipozoea kila mmoja akaanza kuchepuka, mwingine akajaza ndege mpaka hakuna nafasi, Mohamed Charinda akaingiza hadithi na maisha ya kijijini yenye watu kibao kwenye ubao mmoja. Mchepuko ulikuja baada ya kuiga, na kwa baadhi yao ulichukua miaka. Mi kila nikiwaza hii naona tunawanyima vijana wa leo kitu kilekile kilichotupa sisi jina, tunataka waanze kwa kuchepuka kabla hawajajua njia.

Haya, upande wa pili sasa, na sitaki kuupitia juujuu.

Cha kwanza, hiyohiyo Tingatinga. Nenda maduka ya vinyago ya mji wowote wa watalii, Wamasai wembamba wekundu na jua linazama, duka la kwanza, la pili, la kumi, picha ileile na bei ileile ya kugombania. Hao waliiga na hawakuchepuka, au walichepuka wateja wakakataa wakarudi. Mzee akisema kuiga kunaua anayo mifano mkononi na siwezi kumwambia anaota. Ila nadhani hapo anayeua zaidi ni mnunuzi anayetaka kitu kile alichokiona kwa mwenzake, na njaa ya fundi ambaye hawezi kukaa na picha miezi sita haijauzwa. Simu haijaleta hilo, lilikuwepo kabla yake.

Cha pili ni hiki cha haki. Leo fundi wa Bagamoyo anachukua dizaini ya mtu wa Ulaya tunasema ni ubunifu, kesho wao wakichukua yetu tunapiga kelele. Kwenye miaka ya 2000 kampuni moja Uingereza ilitaka kulisajili neno kikoi, wao wameliandika "kikoy", liwe alama yao ya biashara, Wakenya wakasimama wakapinga na walikuwa sahihi mia kwa mia. Je mizani ni moja? Mi nasema sio moja. Yule alitaka kufunga mlango ili hata mfumaji mwenyewe asilitumie jina lake, huyu kijana ametengeneza taa moja kwa mteja mmoja na hajamzuia mtu kitu. Hata hivyo akitengeneza taa hamsini zinazofanana na ya yule mbunifu akaziweka sokoni kwa jina lake, hapo nitakuwa upande wa mbunifu, na sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo toka 1999, inamlinda yeye kama inavyomlinda mchongaji wetu.

Cha tatu ndo kinachoniuma, maana kimenipata. Mwaka juzi nilimpa fundi mmoja picha ya stuli niliyoipenda sana, miguu mitatu myembamba kama ya kulungu. Akanitengenezea, imefanana mpaka nikaipiga picha nikaweka pembeni ya ile ya simu, ungetaka kuapa ni moja. Wiki ya tatu mgeni wangu kakaa, mguu ukachomoka, kaenda chini na chai mkononi. Kuipindua nakuta miguu imepigwa msumari na gundi tu. Ile ya asili kwa chini mguu uliingia kwenye tundu na kabari juu yake, lakini picha ilipigwa kwa mbele. Picha haina mgongo. Fundi aliiga kila alichoonyeshwa, na kinachoshikilia kitu hakikuonyeshwa.

Hapa ndo naona wanaolaumu kuiga wanagusa kitu cha kweli ila wanakiita jina lisilo lake. Wale mafundi wa milango walikuwa wanaiga mlango, sio picha ya mlango. Waliushika, waliufunga na kuufungua, waliona mfaa wa katikati unavyoziba upenyo wa mabawa mawili. Kina Linda walimwona Tingatinga akipaka, sio picha ikiwa ukutani. Kijana wa leo anaona vitu elfu kwa siku na hajagusa hata kimoja, kwa hiyo anarudi na uso wa kitu bila utumbo wake.

Basi mi dawa naona iko jikoni. Niliporudi kwa yule kijana siku ya pili nilimbebea mbuzi ya nazi ya nyumbani, ya mama, ya miaka mingi, kikalio kimekwisha katikati kama kitandiko cha baiskeli. Wengi hatuiangalii ile, tunaikalia tu. Mbao mbili zimepishana kiunoni, ukizifungua zinasimama kama X, uzito wako ukikaa ndo unazibana, yaani kadiri unavyokuwa mzito ndo inavyotulia, ukimaliza inalala bapa unaiegesha ukutani haichukui nafasi. Ukiitazama vizuri ni ndugu wa marufaa ya kuwekea msahafu, hila moja ya mbao imefanya kazi mbili, moja ya kitabu na moja ya tui. Ingekuwa inauzwa kwenye tovuti za dizaini huko na jina la mbunifu pembeni watu wangeisambaza usiku kucha, na mi nisingewalaumu, ni kitu cha akili kweli.

Kijana aliikunja akaikunjua kama mara kumi hivi. Akaniuliza, "Kaka, hii ikiwa ndefu kidogo, stuli ya kukunja si inatoka?" Nikamwambia mi sio fundi, jaribu. Akachukua ile simu yake yenye ufa, nikajua anatafuta picha ya stuli, kumbe amefungua kamera, akaipindua mbuzi miguu juu akaanza kuipiga picha kwa chini, pale kiunoni mbao zinapopishana.