Siku Sabini za Mzee wa Stoo

Kila nikisikia bosi anasema "sisi hapa ni familia", namkumbuka mzee wetu wa stoo.

Nilifanya naye kazi kwenye duka moja la vipuri Dar es Salaam. Alikaa pale miaka 14. Funguo za stoo alilala nazo kwake. Gari la mteja likiharibika Idi au Krismasi, anapigiwa simu, anapanda daladala, anakuja kufungua. Likizo ya siku 28 sikuwahi kumwona akiimaliza. Siku tulipopunguzwa tuliitwa ofisini mmoja mmoja. Alitoka na karatasi, akanipa nimsomee. Kiinua mgongo: siku saba za mshahara wa msingi, mara kumi.

"Mwanangu, mbona kumi? Mimi nina kumi na minne."

Hakupunjwa kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe angalau siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu inakomea miaka kumi. Miaka minne ya mwisho, na sikukuu zake zote, ikawa sifuri. Mwajiri alikuwa huru kuongeza. Hakuongeza.

Ndiyo maana nawaambia wadogo zangu wanaoanza ajira: kwa mwajiri, kazi ni mkataba. Usome. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Zikizidi, dai malipo ya ziada, mara moja na nusu ya mshahara wa saa ya kawaida. Fuatilia michango yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, maana hati ya mshahara inaweza kuonyesha umekatwa na kule hakijafika kitu. Kudai haya si kukosa shukrani. Mwenzako anapiga hesabu, nawe piga.

Ila wanaosema "wakikulipa kidogo, fanya kidogo" siendi nao. Jioni ileile mzee alichukua kaunta buku lake, akakaa na kijana aliyebaki stoo, akimpitisha rafu kwa rafu. Alimshikisha beringi mbili zinazofanana kabisa kwa macho, namba za ubavuni zikitofautiana kwa tarakimu moja. "Ukimpa mtu isiyo yake, gurudumu litamkwamia njiani na watoto wamo ndani."

Nilikasirika. Niliona anawatumikia bure watu waliomtupa. Leo naona nilikosea: jioni ile hakuwa akimfanyia bosi. Alikuwa akimfanyia yule kijana, na mtu asiyemjua aliyeko barabarani Chalinze usiku. Mshahara wake haukuwahi kununua hilo, na kulizuia kungemkomoa nani? Bosi asingejua hata tofauti.

Alipokabidhi funguo na kusaini, nilimwambia asiondoke bila cheti cha utumishi, ni haki yake. Akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, kofia magotini, mpaka wakakiandika.