Kiini cha awamu mpya: fomula ya 1926 au kompyuta inayofuata kila atomu?

Kilima cha Mautia, wilayani Kongwa, ndiko yalikopatikana madini ya zambarau ambayo D. McKie aliyaeleza mwaka 1959 na kuyaita yoderaiti, kwa heshima ya Mmarekani Hatten Yoder. Yalizaliwa ndani ya mwamba bila mwamba wenyewe kuyeyuka, kutokana na talki na kayanaiti. Wanaounda modeli za mabadiliko ya namna hii wanabishana juu ya hatua ya mwanzo kabisa: punje ya kwanza ya awamu mpya, yaani ya mpangilio mpya wa atomu, inaanzaje ndani ya kitu kigumu ambacho tayari kimejaa?

Upande mmoja unashikilia nadharia iliyoanzia kwa Volmer na Weber mwaka 1926, ambao wao walikuwa wakishughulikia matone yanayotokea kwenye mvuke. Kiini, yaani punje hiyo ya kwanza, kinapata faida ya nishati ndani yake na kulipia gharama usoni. Kikiwa kidogo mno, uso unakizidi nguvu na kinatoweka. Kikivuka ukubwa fulani, kinakua chenyewe. Katika yabisi kuna gharama nyingine, ya mkazo, kwa kuwa awamu mpya huwa na ujazo au umbo tofauti: abiria mmoja zaidi akiingia kwenye Hiace iliyojaa, wote wanabanana.

Hesabu hiyo inatosha karatasi moja, nami naipenda kwa hilo. Lakini ni dhaifu pabaya. Kizuizi cha nishati, yaani kilima ambacho kiini lazima kikivuke ili kikue, kinategemea nishati ya uso ikizidishwa mara tatu kwa yenyewe, kwa hiyo kosa la asilimia 10 kwenye uso linakuwa asilimia 33 kwenye kizuizi. Kizuizi kikiwa mara 60 ya nishati ya joto, kasi ya kuzaliwa viini inapotoka kwa takriban mara milioni 400. Na nishati ya uso wa kiini chenye atomu mia mbili nani amewahi kuipima?

Upande wa pili unasema tuache kubahatisha, tufuate atomu zenyewe. Mwaka 2011 Khaliullin na wenzake waliifundisha kompyuta nguvu zilizopo baina ya atomu za kaboni, wakaonyesha kwamba grafaiti haigeuki almasi kwa tabaka zote kusogea kwa mpigo. Kiini huanza mahali pamoja, na mpotoko wa tabaka zinazokizunguka ndio unaozuia mabadiliko shinikizo likiwa dogo. Fomula ya karatasi moja isingeuona mpotoko huo kwa undani kiasi hicho.

Tatizo ni muda. Kila hatua ya mwigo huo wa kompyuta ni kama femtosekunde moja, hivyo hatua milioni moja ni nanosekunde tu, yaani sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Ukitaka kushusha joto kwa nyuzi 1,000 ndani ya nanosekunde 10, unapoza chuma kwa nyuzi bilioni 100 kwa sekunde. Hakuna kiwanda cha reli kinachofanya hivyo, na mwamba wa Mautia ndio kabisa. Zipo mbinu za kulazimisha tukio adimu litokee, ila anayelazimisha huwa ameshachagua njia litakayopita.

Kwangu, ugomvi huu unakosa shabaha pale pande zote mbili zinapoanza na fuwele isiyo na doa, yaani atomu zilizopangika bila kasoro hata moja. Mwaka 1956 Cech na Turnbull walipoza unga laini wa chuma na nikeli, na chembe nyingi ndogo zikagoma kugeuka martensaiti, awamu ngumu inayozaliwa chuma kikipozwa, hata baridi ilipozidi. Kipande kikubwa cha aloyi ileile kinageuka mapema, kwa sababu hakikosi kasoro adimu ya kuanzia. Olson na Cohen, mwaka 1976, walijenga nadharia yao juu ya kasoro hizo. Katika chuma cha reli, kama zile zinazopita Dodoma, pealaiti, muundo wa tabaka nyembamba unaotokea chuma kikipoa, nayo huanzia kwenye mipaka ya chembe za ostenaiti, awamu ya chuma kikiwa bado cha moto.

Ndiyo maana mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma mwenye kompyuta mpakato moja hajashindwa kabla ya kuanza. LAMMPS, programu ya kuigiza mienendo ya atomu, ni ya bure, ingawa mashine yake itachoka mapema. Aipe fomula ya zamani mipaka ya chembe na kasoro zilizopimwa kwa darubini, kisha autumie mwigo mdogo wa atomu kupata nishati ya uso tu.