Simu Yangu Ina Warithi Ningali Hai

Jamani, mtu akimaliza deni si hupongezwa? Mimi nimemaliza la simu, na tangu habari ienee hapa Ngamiani, Tanga, sijapewa hata mkono wa heri. Napewa swali tu: "Fundi, sasa unachukua gani?" Wenye simu yao nao ndio walinitangulia. Meseji ya kunishukuru kwa kumaliza malipo haijapoa, ikaingia ya pili: nimestahiki kukopa simu kubwa zaidi. Nimestahiki! Utadhani nimechaguliwa kwenda Hija.

Kwa asiyezijua simu za mkopo, habari yake ni hii. Unatoa kianzio, unakabidhiwa simu kwenye boksi lake, halafu unalipa 1,000 kila siku ya Mungu mwaka mzima. Idi imo, Maulidi imo, na zile siku za masika ambazo mteja haji na cherehani limelala nazo zimo. Simu yenyewe kwa taslimu ilikuwa 290,000. Kianzio 60,000, weka na 365,000 ya kila siku, inakuja 425,000. Msinicheke. Mwenye uwezo wa kutoa 290,000 kwa mkupuo huku kwetu hakopi, na mwenye hesabu nzuri asiye na hela naye anakopa vilevile.

Usipolipa inajifunga. Bora ingezimika, ukasikitika mara moja ukapoa. Haizimiki! Inawaka vizuri kabisa, halafu kioo kizima kinakwambia lipa. Shaabani iliyopita, harusi juu ya harusi, kila mwenye binti anataka aozeshe kabla ya Ramadhani, nina mteja kasimama mbele yangu. Kitambaa kiko mezani, mkasi uko mkononi, mshono alinitumia WhatsApp usiku. Simu ikajifunga.

"Dada yangu, ule mkono ulikuwa umevimba begani au umefunguka huku chini?"

"Si nilikutumia picha, fundi?"

"Ulinitumia. Nikumbushe tu."

"Mimi nilishaifuta, simu yangu imejaa."

Tukabaki kuiangalia simu, yeye na mimi, picha tunajua imo humo ndani na hakuna wa kuitoa. Ikabidi nimtume kijana kwa wakala na noti ya 1,000 ambayo ilikuwa ya mkate na mbaazi. Gauni likashonwa. Mbaazi zikaliwa na wengine.

Sasa nimekuwa huru, na uhuru wenyewe ndio huu wa kuchaguliwa na watu. Jioni nikienda barazani kunywa kahawa, huko kila aliyewahi kushika simu ni injinia. Kuna chama cha Tecno na chama cha Infinix, na wanarushiana maneno utafikiri Coastal Union na African Sports wanakutana Mkwakwani. Nikawaambia, yakhe, hao mnaowagombanisha ni ndugu. Tecno, Infinix na itel mama yao mmoja, kampuni ya Transsion ya huko Shenzhen, China. Wakanyamaza, kashata zikatafunwa. Kisha mmoja akasema taratibu, "Ndugu sawa, lakini Infinix kamera."

Kamera! Hilo ndilo linalonitoa roho. Nimekwenda dukani mjini na mahitaji yangu matatu, hata mtoto angeyashika. Moja, nataka nafasi kubwa ya kuhifadhi, maana wateja wangu wananitumia mishono usiku na mchana. Mmoja anatuma kumi na mbili anataka mmoja, na huo mmoja hasemi ni upi. Pili, nataka mlio wa kusikika cherehani likiwa linazunguka. Tatu, betri ya kukaa, umeme ukikatika nisikatike nao.

Yule kijana wa dukani akanisikiliza kwa adabu zote, "ndiyo mzee, ndiyo mzee," akafungua kabati, akasema, "Hii hapa ina megapikseli 50."

Nikamwambia, mwanangu, nafasi. Akasema hii ina GB 64, na RAM yake, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, 8. Nikafurahi, nikavaa miwani nisome boksi. Kumbe 8 yenyewe imeandikwa 4+4. Nikamuuliza hiyo jumlisha ni ya nini. Akanieleza, na namshukuru kwa ukweli wake: nne ni zake, nne nyingine inaziazima kwenye nafasi ileile ya kuhifadhia. Sasa nyie nisaidieni. Mimi nimetoka kwenye mkopo juzi, nauziwa simu ambayo na yenyewe imekopa, tena imekopa palepale ninapotaka kuweka magauni ya watu!

Nikaomba nisikie mlio wake. Akaweka taarabu. Humo dukani kimya, kiyoyozi kinanong'ona, hata simu ya jirani ingesikika. Nikamwambia lete cherehani hapa tujaribu. Akadhani namtania.

Nikabonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli, ili nione namba ya IMEI, kitambulisho cha simu, ile yenye tarakimu 15, nilinganishe na ya kwenye boksi. Kijana akanuna. "Mzee huniamini?" Si suala la imani hilo. Mwaka 2016, mwezi wa sita, TCRA, wale wasimamizi wa mawasiliano, walipozima simu feki, mtaani kwetu watu walilala na simu wakaamka na vioo vya kujitazamia. Tangu hapo simu naikagua kwanza, mapenzi baadaye.

Mpwa wangu wa Dar kasikia nahangaika, akapiga. "Mjomba achana na hizo, nakutafutia iPhone used ya Dubai, safi, haina mkwaruzo, betri helthi asilimia 79." Nikamuuliza hizo 21 zimekwenda wapi. Ati zimetumiwa na Mwarabu. Na bei ni mara mbili ya ile mpya ya dukani! Nimeshashona suruali za watu nikapunguza kiuno, lakini sijawahi kumtoza mtu zaidi kwa sababu kitambaa kimepungua.

Upande wa pili kuna jirani yangu, mzee wa watu, ambaye kila akipita ananionyesha kitochi chake. Chaji ya Ijumaa mpaka Ijumaa, tochi ndani, kikianguka unaomba radhi sakafu. "Fundi, nunua hiki ulale usingizi." Kweli tupu, simpingi. Ila Shaabani ikirudi, mshono nitatumiwa kwa kupigiwa mluzi?

Basi nikakaa kibarazani kwangu nikafikiri peke yangu, jambo ambalo sikuwa nimeruhusiwa kulifanya wiki nzima. Hii niliyonayo ina nini? Ina ufa mmoja kwenye kona, na protekta imenyanyuka pembeni. Basi. Inapiga, inapokea, pesa inatuma. Haijifungi tena, na ile laini ya hao walionikopesha, iliyokuwa lazima ikae nafasi ya kwanza, sasa naweza kuihamishia mtandao mwingine na namba yangu ileile, maana ruhusa hiyo ipo tangu 2017. Kadi ya kuongezea nafasi dukani ipo, bei ya vitenge viwili. Nikafuta mishono ya waliokwishaolewa, ikapumua. Nikaingia ndani kumpa mama watoto habari njema kwamba sinunui kitu.

Akaacha kukuna nazi. "Hununui? Na hiyo si nimeshamwahidi kaka yao mkubwa, anamaliza shule."

Mkubwa akatoka chumbani kusema yeye anaichukua, lakini yake ndogo kampa mdogo wake. Mdogo akasema hajaipata bado na tayari kaka anamdai. Nikauliza kwa upole kama kuna mwingine humu ndani mwenye sehemu yake, nijue, maana hata marehemu huulizwa wosia kwanza.

Kukawa kimya. Kisha mama watoto akasema, akitazama mbuzi ya nazi badala ya kunitazama mimi: "Na mama wa Muheza."

"Mama wa Muheza kafanyaje?"

"Nilimwambia huyo mtoto akifeli, itakwenda kwake. Ameshanunua kava."