Jahazi la Maskati mwezi wa Julai

Jamani, riwaya za mapenzi na majini ya kale nazipenda, lakini waandishi wengine wanatutia ugonjwa. Hii niliyoazima, nimekaa nayo barazani hapa Lamu, imeninogea kwelikweli, nafika sura ya pili: kijana katoka Maskati na jahazi, Julai, tanga limejaa, anamfuata mpenziwe. Julai! Kusi, upepo utokao kusini, inavuma, yeye anashuka huku? Majahazi ya Arabuni yalikuja na kaskazi, upepo utokao kaskazini, Desemba hadi Machi, yakarudi na kusi. Hata mtoto wa Matondoni, kijiji chetu cha waunda majahazi, anajua. Huba yote ikanitoka.

Mtu ataniambia, "Ni hadithi tu, labda jini lilimsukuma." Basi aandike kwamba jini lilisukuma! Majini sina ugomvi nayo. Masimulizi yetu yana maajabu, ila yana masharti: Fumo Liyongo, shujaa wetu wa kale, hadhuriki kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na anayemchoma ni mwanawe wa kumzaa. Hapo unaumia.

Halafu bibie wa nyumba ya mawe anakutana na huyo kijana sokoni, mchana kweupe, nywele zinapepea. Mabibi wa Lamu enzi hizo wakitoka walikuwa ndani ya shiraa, kama hema la kitambaa, watumwa wameishika, hata uso huuoni. Mwandishi angeuliza, angepata mapenzi matamu zaidi: mtu kapenda sauti, kapenda harufu ya udi iliyopita kichochoroni. Lakini wapi! Nywele zinapepea, na bado nina sura kumi na nane.