Akiitwa mkaidi, macho yake yalipimwa lini?

Kuna kitu kinaniuma sana kwenye shule za elimu maalumu, yaani mtoto akishaandikiwa ana usonji au mtindio wa ubongo basi kila anachofanya kinatupiwa hukohuko. Analaza uso kwenye daftari, wanasema ndo tabia yake. Kwenye ngazi anapapasa kwa mguu kwanza, wanasema muoga. Kumbe haoni ngazi inaishia wapi, na hawezi kusema sioni sababu hajawahi kuona vingine.

Na sio mmoja wawili. Watoto wengi wenye dauni sindromu wana makengeza au macho yanashindwa kuvuta vitu vya karibu, ndo maana wengine wanasaidika na miwani ambayo kila kioo kina sehemu mbili, juu ya kuona mbali na chini ya kuona karibu. Rubela aliyoipata mama akiwa mjamzito inaweza kumwachia mtoto uziwi na mtoto wa jicho kwa pamoja, sasa huyo lugha ya alama ataisomaje?

Ubishi uliopo ni watoto hawa wapimwe macho wapi. Wanaotaka shuleni wanasema hospitali kuna foleni, kelele, mtu asiyemjua anamsogezea tochi usoni, mtoto analia, inaandikwa "hajatoa ushirikiano" imeisha hiyo. Shuleni mwalimu wake yupo, leo akigoma kesho atajaribiwa tena. Na kutojua herufi sio kikwazo, kuna kadi za picha ananyooshea inayofanana, kuna nyingine mpimaji anaangalia tu macho ya mtoto yameenda upande gani, na kuna kifaa cha mwanga kinachosaidia kujua namba ya miwani bila mtoto kutamka neno.

Wanaopinga nao siwabezi. Wameona wapimaji wanakuja siku moja, miwani inagawiwa, wanaondoka, baada ya wiki fremu inambana mtoto nyuma ya sikio anaivua anaitupa na hakuna wa kuilegeza. Halafu mtoto wa jicho haondolewi darasani, lazima hospitali. Na kuna mwenye mtindio wa ubongo ambaye jicho lenyewe ni zima, shida iko kwenye ubongo unaopokea picha, huyo miwani peke yake haimtoshi.

Mimi nasema shuleni kwanza, hospitali kwa atakayehitaji, sababu jicho vivu, yaani lile ambalo ubongo umezoea kutolitumia kwa hiyo halioni vizuri, linatibika vizuri zaidi mtoto akiwa chini ya miaka 7 hivi, ukimwambia asubiri foleni ya mwakani unamkatia muda wake. Ila majibu yasiishie kwenye faili, 6/60, yaani anaona kwa mita 6 kile ambacho jicho zima linakiona kwa mita 60, mwalimu aifanyie nini? Aandikiwe hivi: huyu akae mbele, mpe mwandiko mnene, usimrundikie picha kumi ukurasa mmoja maana anapotea, bakiza moja kwenye karatasi nyeusi, halafu nyamaza umpe muda aitafute.