Risiti ya injini isiyo na namba ya injini

Juzi magharibi mdogo wangu aliingia nyumbani kwa miguu, helmeti mkononi. Pikipiki imelala kituoni. Hakugonga mtu, hakuzidisha abiria, leseni anayo, bima haijaisha. Afande alichutama akamulika injini kwa tochi ya simu, akasoma namba, akatazama logibuku, ile hati ya usajili wa pikipiki, namba zikakataana. Basi. Pikipiki ikawa ya wizi na kijana akawa mwizi, mbele ya mama aliyempakia kutoka Gongoni na kikapu chake cha samaki.

Ile injini si ya wizi. Niliinunua mimi, kwa pesa yangu, Mombasa. Ya kwanza ilikufa mwishoni mwa kusi. Ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa samawati, na fundi alipoifungua akanionyesha silinda imechorwa mistari kama iliyoparurwa na paka. Ringi na pistoni tulishabadilisha mara mbili. Ndiyo hali ya pikipiki inayoshinda njia ya Mambrui na Gongoni, mchanga huku, hewa ya chumvi huku. Akaniambia, "Dada, hapa unatupa pesa tu. Tafuta ya boksi." Nikatafuta. Injini mpya kutoka China, bado imefungwa kwa nailoni, namba imepigwa kiwandani kwenye ganda lake. Fundi aliipaka chaki, tukaisoma tarakimu moja moja.

Na risiti? "Injini 1", bei, muhuri wa duka. Hakuna zaidi.

Nilipokwenda kuomba logibuku irekebishwe niliambiwa nilete vitu viwili nisivyokuwa navyo: risiti yenye namba ya injini, na karatasi za forodha zinazoonyesha ilivyoingia nchini. Nikapiga simu dukani. Muuzaji akasema karatasi ya forodha ni moja kwa kontena zima, anayo aliyeagiza mzigo, na huyo hawezi kumtolea kila anayenunua injini moja. Yaani mimi niliye Malindi ndiye nithibitishe kilichopita bandarini Kilindini kabla hata sijajua kama kipo. Aliyekiingiza na kukilipia ushuru, mwenye karatasi sandukuni, haulizwi kitu.

Mzigo huu ni wa muuzaji. Anayeuza injini ya kutoka ng'ambo alazimishwe kuandika namba yake kwenye risiti na kuambatanisha nakala ya karatasi ya forodha, akaigonga muhuri wake. Bila hivyo asiuze. Namba ipo pale kwenye chuma, macho anayo. Tangu 2023 KRA, mamlaka ya kodi, inawataka wafanyabiashara watoe risiti kupitia eTIMS, mfumo wake wa risiti za kielektroniki, na risiti hiyo ina mahali pa kutaja bidhaa. Palepale anapoandika "injini" namba inaenea. Dakika moja ya mwenye duka ingeniokolea miezi minne ya kuzunguka.

Maana mnajua watu wanafanya nini. Fundi mwengine, si yule wangu, aliniita kando ya banda lake akakunjua kitambaa. Ndani mna chapa za chuma, sifuri mpaka tisa, kisha herufi, zimepangwa kama vijiko vya harusi. Anaisaga namba ya kiwandani kwa grenda, halafu anagonga ile ya zamani iliyo kwenye logibuku. Saa moja umemaliza, hakuna atakayekusimamisha tena. Nikatazama ile nyundo mkononi mwake, nikaingiwa na hofu. Ni kosa la jinai, na namba ya kweli ikishasagwa, siku pikipiki ikiibwa hata mwenyewe huna pa kushikia. Nilikataa. Lakini wako waliokubali, nawajua, ni watu wa swala tano na watu wa kanisani, watu ambao hawajawahi kuiba hata embe. Nimeshindwa kuwalaumu. Ukisema kweli unazungushwa miezi, ukidanganya unahudumiwa saa moja, kando ya steji.

Haya, afande alikuwa na haki ya kuangalia, hilo nalikubali shingo upande. Pikipiki zinaibwa, zinapasuliwa usiku, injini inauzwa peke yake, na namba zisipolinganishwa anayefaidi ni mwizi. Ndiyo sababu nataka NTSA, mamlaka ya usafiri inayotoa logibuku, wawe na namba yangu ya sasa. Ada nitalipa. Pikipiki nitaipeleka kukaguliwa popote watakaponiambia.

Leo siku ya tatu mdogo wangu hajaingiza kitu, na ana mtoto wa wiki sita ndani.

Kesho napanda basi la alfajiri kwenda Mombasa. Ninayo picha ya namba ya injini, na nimeiandika tena kwa mkono kwenye karatasi, kubwa, mtu asiniambie haisomeki. Nitasimama pale kaunta mpaka iandikwe kwenye risiti, na mpaka nipewe jina la aliyeleta kontena.