Kubadilisha Saketi Bila Kuizima: Faida Iko Wapi?

Kadi ya FPGA, yaani chipu ambayo saketi yake inaweza kubadilishwa hata baada ya kutoka kiwandani, ikichomekwa ndani ya seva ina tabia moja inayowasumbua wahandisi. Ukiipakia upya chipu yote, kiungo chake cha PCIe, njia yake ya kubadilishana data na seva, kinakatika, na kwa upande wa seva ni kama mtu amekuja akaichomoa kadi katikati ya kazi. Mara nyingi dawa inayobaki ni kuiwasha seva upya. Ndiyo maana katika huduma ya F1 ya kukodisha FPGA, ambayo Amazon iliitangaza mwaka 2016, chipu iligawanywa pande mbili: ganda la kudumu lililoshika PCIe na usimamizi wa kadi, na mantiki ya mteja, ambayo iliweza kuondolewa na kuwekwa nyingine bila ganda kusimama. Mbinu hii ya kusanidi upya sehemu ya chipu huku nyingine ikiendelea na kazi imesifiwa kwa miaka mingi kwa sababu tofauti kabisa, kwamba inaokoa silikoni, yaani chipu ndogo inatosha kufanya kazi ya kubwa. Kwa maoni yangu, sifa ya kulinda kiungo inastahili, lakini hii ya kuokoa silikoni imetiwa chumvi.

Msingi wake si mgumu kuelewa. FPGA nyingi huhifadhi umbo la saketi katika kumbukumbu ya SRAM, ambamo baadhi ya biti huamua waya upi uungane na upi, na nyingine hubeba majibu ya majedwali madogo yanayofanya kazi ya malango ya mantiki. Katika familia ya 7 ya Xilinx, kampuni iliyonunuliwa na AMD mwaka 2022, kumbukumbu hiyo imepangwa kwa fremu zenye maneno 101 ya biti 32, na fremu ndiyo kipande kidogo kabisa kinachoweza kuandikwa. Ukiandika fremu za eneo moja, eneo hilo linageuka saketi nyingine na majirani hawana habari. Hata biti inayoandikwa tena kwa thamani ileile haitikisiki, kwa hiyo waya wa jirani unaweza kupita katikati ya eneo linalobadilishwa na usikatike.

Wazo la kuokoa vifaa kwa njia hii ni la zamani kuliko chipu zenyewe. Mwaka 1960 Gerald Estrin wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, alipendekeza kompyuta yenye sehemu ya kudumu na sehemu inayobadilika kulingana na hesabu iliyopo. Kwa nini ununue chipu kubwa ya kubeba vichujio vitatu ilhali kinatumika kimoja tu kwa wakati? Hoja hiyo ina uzito mpaka upige hesabu ya muda. Mlango wa ndani wa usanidi, ICAP, hupokea biti 32 kwa kila mpigo wa saa ya megahezi 100, yaani megabaiti 400 kwa sekunde, tena hiyo ni kasi ya kwenye karatasi. Faili la usanidi la Zynq 7020, mojawapo ya chipu za Xilinx, ni takriban megabaiti 4. Eneo lenye moja ya nane ya hapo litachukua milisekunde 1.25. Kwa binadamu hicho si kitu, lakini kwa saketi inayokwenda kwa megahezi 100 ni mipigo 125,000 iliyopotea. Redio inayobadilisha aina ya mawimbi mara moja kwa dakika haitajali, ilhali mfumo unaotaka kichujio kipya kwa kila pakiti utatumia muda mwingi kubadilisha kuliko kuchuja. Isitoshe, eneo lazima litoshe moduli, yaani saketi ya kupakiwa humo, iliyo kubwa kuliko zote, kwa hiyo ikiingia ndogo, nafasi inayobaki inakaa bure.

Gharama nyingine haionekani katika hesabu hizo, kwa kuwa iko mpakani, kati ya eneo linalobadilishwa na sehemu tuli, ile isiyobadilishwa. Ni kama nyumba ya kupanga ambayo chumba kimoja kinavunjwa na mafundi huku wapangaji wa vyumba vingine wakiendelea kuishi: lazima mlango wa chumba hicho ufungwe kwanza. Niliwahi kukaa jioni nzima mbele ya bodi iliyoganda, taa ya LED ya sehemu tuli ikiwaka na kuzima kana kwamba hakuna kilichotokea, na kichakataji kimekwama kabisa. Kosa lilikuwa langu, kwani nilisahau kuweka kitenganishi, saketi inayofunga mlango huo. Kichakataji kilikuwa kimeomba kusoma rejista iliyo ndani ya eneo wakati eneo lenyewe linaandikwa, jibu halikuja, na njia ya AXI, inayobeba maombi kati ya kichakataji na saketi, haina desturi ya kukata tamaa.

Baada ya mpaka huja mafaili. Moduli tatu kwa maeneo mawili ni mafaili sita na michanganyiko tisa ya kupima, na yote yamefungwa kwenye toleo moja la sehemu tuli. Ukigusa sehemu tuli, unayatengeneza upya. Usalama nao unadai chake: mwaka 2020 watafiti wa Bochum, Ujerumani, walitangaza udhaifu ulioitwa Starbleed, unaovunja usimbaji fiche wa mafaili ya usanidi katika familia ya 7, na kwa kuwa kasoro iko ndani ya silikoni, hakuna kiraka cha programu kinachoiondoa.

Sina ubishi, hata hivyo, kuhusu ukarabati. Angani, mnururisho hupindua biti za usanidi, na kuzisoma fremu na kuziandika upya mfululizo, saketi ikiwa kazini, huzuia kosa moja lisizae mengine. Hapo kusimama kungekuwa ndiyo hasara yenyewe. Kubadilisha kazi ya chipu ni jambo tofauti. Katika gari la Perseverance, lililotua Mirihi tarehe 18 Februari 2021, FPGA aina ya Virtex-5QV iliyolinganisha picha za ardhi wakati wa kushuka ilikuja kupakiwa saketi nyingine ya kusaidia uendeshaji. Ni chipu moja kwa kazi mbili, kama Estrin alivyotaka. Lakini gari lilikuwa tayari limetulia juu ya udongo wa kreta ya Jezero, na muda wa kusimama ulikuwepo tele.